Ujira wa Kamisheni: Kheri Zake, Mitego Yake na Haki Inayodaiwa



Miaka kadhaa iliyopita, mwishoni mwa Misa ya pili ya Dominika, tuliwaruhusu wageni wawili kutoa tangazo mbele ya waamini. Walikuwa wakitafuta vijana wa kuuza mitambo midogo ya umeme wa jua, ile ambayo mteja huichukua kwa malipo ya awali na kumalizia deni kidogo kidogo kwa njia ya simu. Hawakudai cheti cha chuo. Walitaka vijana wachangamfu, wenye simu na miguu ya kutembea. Nasi, tukiwaona vijana wetu wakishinda vijiweni bila kazi, tuliongeza neno la kuwatia moyo. Juma lile vijana tisa wa parokia walijiunga.

Baada ya miezi minane walikuwa wamebaki wawili. Mmoja wao alikuwa amemlipia mdogo wake ada ya shule na kuezeka nyumba ya mama yake kwa bati. Kati ya saba walioacha, wanne walikuwa na madeni ambayo hawakuwa nayo kabla ya kuanza kazi. Mmoja wa hao wanne, binti aliyekuwa katibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo yake, alikuwa haonekani tena katika sala za jumuiya, kwa sababu tutakayoieleza hapa chini kwa ruhusa yake.

Tumejiuliza mara nyingi kama tulitenda vema siku ile. Kuwahimiza vijana kufanya kazi halikuwa kosa. Kosa letu lilikuwa kuwahimiza watie saini mkataba ambao hatukuusoma, juu ya aina ya ujira ambayo hatukuielewa. Makala hii ni sehemu ya kulipa deni hilo.

Maana ya kamisheni

Kamisheni ni ujira unaohesabiwa kwa kiasi cha mauzo. Mfanyakazi huahidiwa asilimia fulani ya bei, au kiasi maalumu kwa kila kitu kilichouzwa. Akiuza sana hupata sana. Asipouza hapati kitu.

Kazi za namna hii tumezoea kuziona bila kuziita kwa jina hilo. Dalali wa nyumba mjini hulipwa mara nyingi kodi ya mwezi mmoja na mpangaji aliyempatia chumba. Wakala wa bima hupata sehemu ya ada inayolipwa na mteja aliyemleta. Wakala wa fedha kwa simu, kazi iliyoenea tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hulipwa kamisheni kwa miamala ya kuweka na kutoa anayowahudumia wateja, naye hutanguliza mtaji wake mwenyewe. Wapo pia vijana wa miavuli wanaosajili laini za simu, maofisa mauzo wanaotafutia benki wateja wa mikopo, na wale wanaopita mlango kwa mlango wakiuza vyombo, vitabu na dawa za mifugo.

Katika mikataba, ujira huu una sura tatu. Kuna kamisheni tupu, ambapo hakuna mshahara wowote. Kuna mshahara mdogo unaoongezewa kamisheni. Na kuna malipo ya kujikimu yanayotolewa mwanzo wa mwezi kama mkopo, kisha yanakatwa katika kamisheni itakayopatikana. Asiyeuza vya kutosha hubaki na deni kwa mwajiri wake. Vijana wetu tisa walidhani wamepata sura ya pili. Mkataba ulisema ni ya tatu.

Jambo la msingi la kuelewa ni hili: mshahara hulipa muda, kamisheni hulipa tokeo. Mwenye mshahara akikutwa na wiki ya mvua isiyo na wateja, hasara ni ya mwajiri. Mwenye kamisheni akikutwa na wiki hiyo hiyo, hasara ni yake. Mavuno yakiharibika kijijini, barabara ikikatika, bei ya bidhaa ikipandishwa na ofisi kuu, mzigo humwangukia yeye. Kwa hiyo kamisheni hugawa mapato, na papo hapo hugawa hatari ya hasara. Karibu maswali yote ya kimaadili juu ya kazi hii yanarudi kwenye swali moja: ni nani anabeba hatari ipi, na je, ameikubali akiwa anajua?

Kheri zilizomo

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo imewafanya wengi wamdharau mchuuzi na wakala, kana kwamba kila anayepita mlangoni amebeba kitu kibovu. Si haki kuwafikiria hivyo. Mtambo mzuri wa umeme wa jua haujiuzi kwa bibi anayeishi kilometa 30 kutoka barabara kuu. Ni lazima awepo mtu wa kuufikisha, kuueleza na kuufunga. Mkulima hajui kwamba kuna bima ya mazao hadi mtu amweleze. Muuzaji mwema humletea jirani habari aliyoikosa, na hiyo ni huduma.

Kheri ya pili ni kwamba mlango wa kazi hii ni mpana. Hauulizi sana vyeti wala kujuana na wakubwa. Mama aliyeishia darasa la saba anaweza kumshinda mwenye shahada, akiwa na ulimi mwema na uvumilivu. Katika nchi zetu ambamo ajira za ofisini hazitoshi, mlango huu umeokoa familia nyingi.

Tatu, bidii huonekana. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu: aamkaye mapema na kuzunguka hupata kitoweo. Yule kijana aliyeezeka nyumba ya mama yake alituambia kwamba katika kibarua cha saruji alilipwa sawa na mwenzake aliyelala kivulini, lakini katika kuuza aliona kwa mara ya kwanza kwamba juhudi yake ina uzito. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na kwamba anayeifanya ni mtu. Kijana anayegundua kwamba anaweza kupanga, kushawishi kwa haki, kushindwa na kuanza tena, anakua katika utu wake.

Nne, kazi hii hufundisha mengi. Anayekataliwa na milango ishirini kwa siku, na bado akaubisha mlango wa ishirini na moja kwa adabu, anajifunza unyenyekevu na kujitawala. Anajifunza pia kusikiliza, maana muuzaji asiyesikiliza hauzi kwa muda mrefu.

Mwezi mnono na mwezi mkavu

Tuje sasa kwenye ugumu, na tuanze na hesabu. Tuchukue mfano wa muuzaji anayepata asilimia 8 ya mauzo bila mshahara. Tuseme Januari ameuza bidhaa za shilingi milioni 2.5, akapata 200,000. Februari amepata 240,000, Machi 360,000, Aprili ya mvua 160,000, Mei 280,000, na Juni, wakati wa mavuno, 560,000. Jumla ya miezi sita ni shilingi 1,800,000, yaani wastani wa 300,000 kwa mwezi.

Yule anayetangaza kazi atataja Juni. Mwenye kujisifu mbele ya marafiki atataja wastani. Lakini tukiangalia vizuri, katika miezi sita ni miwili tu iliyofikia wastani huo. Minne ilikuwa chini yake. Zaidi ya hayo, nauli na vocha ni za muuzaji mwenyewe. Zikiwa 80,000 kila mwezi, kilichobaki Aprili ni 80,000 tu, na wastani halisi wa miezi sita ni 220,000. Mwenye nyumba, mwenye duka na shule hawangoji Juni.

Hapa ndipo wanne kati ya vijana wetu walipojikwaa. Walipopata mwezi mnono walipanga nyumba ya mwezi mnono, wakanunua simu na viatu kwa mkopo. Mwezi mkavu ulipofika, walikopa kwa wakopeshaji wa mitaani, ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Tangu hapo kila kamisheni ilikuwa na mwenyewe kabla haijapatikana.

Ushauri tunaowapa sasa ni rahisi kuusema, ingawa kuutekeleza kunadai nidhamu. Maisha ya kawaida, yaani kodi, chakula na ada, yapimwe kwa mwezi mkavu, wala yasipimwe kwa mwezi mnono. Kinachozidi katika mwezi mnono kigawanywe: sehemu ya kwanza iwe akiba ya miezi mikavu hadi itoshe matumizi ya miezi mitatu, na baada ya hapo ndipo ije mipango mingine. Gharama za kazi ziandikwe kila siku katika daftari, kwa maana asiyezijua gharama zake hajui kama anafanya kazi au anaifadhili kampuni. Wakala wa fedha kwa simu asichanganye kamwe mtaji wa floti na kamisheni yake. Wengi wamefunga vibanda kwa kula mtaji wakidhani wanakula faida. Na kwa kuwa mwenye kamisheni mara nyingi hana pensheni, ajue kwamba NSSF hupokea pia michango ya hiari kutoka kwa waliojiajiri. Yosefu, mwana wa Yakobo, aliiokoa Misri kwa hekima hiyo hiyo: aliweka nafaka katika miaka ya shibe kwa ajili ya miaka ya njaa (Mwa 41).

Tunaongeza neno kwa wanandoa. Mume au mke anayelipwa kwa kamisheni amwonyeshe mwenzake daftari lake. Tumesuluhisha magomvi ya nyumbani ambayo chanzo chake kilikuwa mke kujua kiasi cha Juni na kutojua kiasi cha Aprili, akadhani kwamba fedha inapelekwa kwingine.

Kishawishi cha ulimi

Yoshua bin Sira aliona zamani sana kwamba dhambi hujipenyeza kati ya kununua na kuuza kama kigingi kinavyokaza katikati ya mawe mawili (rej. YbS 27:2). Kwa anayelipwa kamisheni kigingi hicho ni chembamba na kikali zaidi, kwa sababu kila neno lake lina bei. Akisema ukweli wote, huenda mteja akaondoka na chakula cha jioni kikaondoka naye. Akinyamaza kidogo, anapata.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilijadili jambo hili katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 77. Anafundisha kwamba muuzaji anayejua kasoro iliyofichika katika kitu anachouza, kasoro inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, ana wajibu wa kuisema. Kasoro iliyo wazi machoni pa kila mtu hana wajibu wa kuitangaza, mradi bei iendane nayo. Tulete fundisho hilo mtaani kwetu. Dalali wa viwanja si lazima amwambie mnunuzi kwamba kiwanja kina mteremko, mnunuzi anauona. Bali akijua kwamba kiwanja kina kesi ya mirathi, au hujaa maji wakati wa masika, akanyamaza, ameiba. Wakala wa bima anayejua kwamba ugonjwa alio nao mteja haumo katika mkataba, na hasemi, ameiba. Ofisa mikopo anayetaja rejesho la wiki na kuficha jumla ya riba ameiba, hata kama kila karatasi imetiwa saini.

Sasa tueleze habari ya yule binti. Aliuza mitambo mitano ndani ya jumuiya yake mwenyewe. Watu walinunua kwa sababu ni yeye; walimwamini kwa kuwa ndiye aliyewaandikia kumbukumbu na kuwaongoza katika rozari. Mwezi ule alikuwa nyuma ya lengo, na familia mbili kati ya hizo tano alijua wazi kwamba hazitaweza kulipa baada ya mavuno hafifu. Aliwaambia kwamba wakichelewa kampuni itawavumilia. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alitamani tu iwe hivyo. Walipochelewa taa zilizimwa kwa mbali, kisha mitambo ikachukuliwa, na fedha waliyokwisha kulipa haikurudi. Kamisheni aliyoipata kwa mauzo hayo mawili nayo ilikatwa, kwa kuwa mkataba ulisema kwamba mteja akiacha kulipa, muuzaji hurudisha. Alipoteza fedha, akapoteza majirani, akaona haya kuingia katika nyumba ambazo jumuiya hukutania.

Binti huyo hakuwa mwongo kwa tabia. Mfumo ulimbebesha hatari yote, naye, kwa kulemewa, akaitua juu ya mabega ya waliokuwa dhaifu kuliko yeye. Hivyo ndivyo dhambi nyingi za biashara zinavyotendeka. Kulemewa hupunguza lawama, lakini hakuondoi wajibu wa kurekebisha. Zakayo wa Yeriko naye alikuwa katika kazi ambayo ziada ilibaki kwa mtozaji. Alipompokea Bwana nyumbani mwake hakuishia katika machozi, aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu (Lk 19:8). Naye Yohane Mbatizaji, watoza ushuru walipomwuliza wafanye nini, hakuwaamuru waiache kazi. Aliwataka wasitoze zaidi ya kiasi kilichopangwa (Lk 3:12-13). Kazi yenye kishawishi inaweza kufanywa na mtu mwadilifu, mradi ajue kishawishi kilipo.

Kwa ajili hiyo tunawapendekezea wauzaji desturi tatu. Kwanza, kabla ya mteja kutia saini, mwambie kwa kinywa chako jambo moja ambalo angeweza kulijutia: jumla ya bei, adhabu ya kuchelewa, au kisichomo katika bima. Pili, usimwuzie mtu ambaye moyoni unajua kwamba hawezi kulipa. Tatu, usiifanye jumuiya, kwaya au chama cha kitume kuwa soko lako. Ukiwauzia wanajumuiya, wauzie kama watu wengine, wakiwa na uhuru wa kukataa bila kuona aibu.

Jakobo na Labani

Hadi hapa tumewasema wauzaji. Haki inatudai tuwaseme pia wanaowatuma.

Kitabu cha Mwanzo kinatupa simulizi ya kale ya mtu aliyelipwa kwa sehemu ya zao la kazi yake. Jakobo alikubaliana na mjomba wake Labani kwamba ujira wake uwe wanyama wenye mabaka na madoadoa watakaozaliwa katika kundi (Mwa 30:31-34). Siku ile ile Labani aliwatenga wanyama wa namna hiyo na kuwakabidhi wanawe, ili Jakobo aanze bila kitu (30:35-36). Baadaye Jakobo alilalamika kwamba ujira wake ulibadilishwa mara kumi. Kwamba mnyama aliyeraruliwa na wanyama wa porini, au aliyeibwa mchana au usiku, alitozwa yeye. Na kwamba jua lilimchoma mchana na baridi ikamkondesha usiku (31:7, 38-41). Jakobo mwenyewe hakukosa ujanja wake. Hata hivyo malalamiko yake yangeweza kuandikwa leo na ofisa mauzo yeyote: lengo linapandishwa kila anapolikaribia, wateja bora wanahamishiwa kwa jamaa ya meneja, na hasara isiyo ya kosa lake inakatwa katika ujira wake.

Sheria ya Musa, baadaye, ilikataza hasa kile alichotendewa Jakobo. Mchungaji aliyekabidhiwa mnyama wa mwenzake, mnyama huyo akiraruliwa porini, alitakiwa kuleta mabaki kama ushahidi, wala hakutakiwa kulipa (Kut 22:13). Kanuni iliyomo ni wazi: mfanyakazi awajibike kwa uzembe na wizi wake, asitozwe kwa ajili ya simba.

Waajiri wengine hujitetea kwa kusema: alitia saini mwenyewe, hakulazimishwa. Papa Leo XIII alilijibu dai hilo mwaka 1891 katika waraka wa Rerum Novarum. Alifundisha kwamba ingawa mwajiri na mfanyakazi hupatana kwa hiari, ipo haki ya asili iliyo kubwa kuliko mapatano yao, inayotaka ujira uweze kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. Na anayekubali masharti magumu kwa kusukumwa na shida ametendewa kwa nguvu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inarudia fundisho hilo katika namba 2434: kupatana kwa pande mbili hakutoshi peke yake kuuhalalisha ujira mbele ya maadili.

Je, kamisheni inapingana na fundisho hili? Hatuamini hivyo. Inapingana nalo pale ambapo mtu hufanya kazi kwa uaminifu mwezi mzima, kwa saa alizopangiwa na mwingine, na bado hana chakula. Mwajiri anayetaka kutenda haki aweke kiasi cha chini kisichokatwa. Alipie nauli ya safari anazoziagiza. Asibadili asilimia katikati ya mwezi. Na asidai kamisheni irudishwe kwa sababu ambazo muuzaji hakuweza kuzijua wala kuzizuia. Na wapo waamini wetu wenye maduka, vibanda na kampuni ndogo. Swali la Labani ni lao pia.

Sheria ya Tanzania nayo haiko kimya. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inaelekeza kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi huhesabiwa kuwa mwajiriwa, hadi kinyume chake kithibitishwe, iwapo lipo walau jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa: kwa mfano, namna ya kazi yake au saa zake zinaongozwa na mwingine, anamtegemea huyo kwa kipato, amepewa vitendea kazi, au anamtumikia huyo peke yake. Kwa hiyo kuandika katika mkataba neno “wakala huru” hakutoshi kumwondolea mtu haki za mwajiriwa. Mwenye mgogoro anaweza kwenda katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Asichelewe: malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60.

Maswali kabla ya kutia saini

Tangu tukio lile, kijana anapotujia na mkataba wa kamisheni tunakaa naye barazani na kuuliza pamoja maswali yafuatayo.

1. Je, kuna mshahara wa chini? Na kama kuna malipo ya kujikimu, je, ni yangu au ni mkopo?
2. Kamisheni inahesabiwa lini: mteja anapotia saini, anapolipa mara ya kwanza, au anapomaliza deni? Inalipwa tarehe gani?
3. Ni katika hali gani itarudishwa, na kwa muda gani baada ya mauzo?
4. Nauli, vocha, sare na vifaa ni juu ya nani? Kifaa kikiibwa, nani analipa?
5. Nisipofikia lengo, nini kinafuata? Nani anaweza kulibadili lengo, na kwa taarifa ya muda gani?
6. Nikiacha kazi, je, nitalipwa kamisheni ya mauzo niliyokwisha kuyafanya?
7. Muuzaji wa kawaida, asiye hodari kupita wote, alipata kiasi gani mwezi uliokuwa mbaya?

Swali la nane tunaliuliza kwa ukali: je, fedha inatoka kwa mtu anayenunua bidhaa ili aitumie, au kwa watu wapya wanaojiunga? Ikiwa unatakiwa kulipa kiingilio, na kipato chako kinategemea hasa idadi ya watu utakaowaingiza chini yako, hiyo siyo kazi ya kuuza. Ni upatu uliovikwa vazi la biashara, na sheria ya nchi yetu inaukataza. Watanzania wengi, wakiwamo waamini wa madhehebu mbalimbali, waliumizwa na mchezo wa DECI uliosimamishwa mwaka 2009. Majina hubadilika, mtego ni ule ule.

Kwa swali lolote ambalo mwajiri anakataa kulijibu kwa maandishi, tunamshauri kijana asitie saini siku hiyo. Kazi ya kweli itakuwepo hata kesho.

Dominika na jioni za nyumbani

Tusiache jambo moja dogo lenye uzito. Wateja hupatikana nyumbani jioni na siku ya Dominika, kwa hiyo muuzaji wa kamisheni huwa mbali na nyumba yake wakati ambapo wenzake wamerudi. Na kwa kuwa hakuna saa ya kufunga ofisi, dhamiri humwambia kwamba kila saa ya kupumzika ni fedha iliyopotea. Kanisa, katika kuitakasa Siku ya Bwana, linatambua kwamba shida za familia na huduma muhimu kwa jamii zinaweza kumzuia mtu asipumzike. Lakini lengo la mwezi lisiwe sababu ya kudumu. Achague saa zake, Misa ikiwamo, aziandike katika daftari lile lile la gharama, na azilinde.

Hitimisho

Ndugu wapendwa, kazi ya kamisheni ni kazi halali. Imewalisha wengi, na tunawaombea baraka wote wanaoamka alfajiri kubisha milango wasiyoijua. Wakumbuke tu kwamba wanabeba hatari, hivyo wajiwekee akiba ya kuibeba. Wasiitue juu ya mteja kwa neno la uongo. Na wanaowatuma wasiwatwike yote wao peke yao.

Yule binti alirudi jumuiyani baada ya karibu mwaka mmoja. Wazee wa jumuiya walimwita, akakiri mbele ya familia zile mbili kwamba aliwaahidi jambo asilolijua. Amekuwa akiwarudishia kidogo kidogo sehemu ya fedha waliyoipoteza, ingawa kisheria hakudaiwa. Familia moja imemsamehe. Nyingine bado, nasi tunaendelea kuwasindikiza. Sasa anauza pembejeo za kilimo kwa mshahara mdogo pamoja na kamisheni, chini ya mkataba aliousoma ukurasa kwa ukurasa. Kijana mwingine anapotujia na karatasi za kutia saini, humwita naye aje akae nasi barazani, kwa kuwa maswali hayo anayauliza vizuri kuliko sisi.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.